Chumba cha Makabati

Haya aliniambia shoga yangu mshonaji, na alipokuwa akiyasema hakunitazama usoni.

Alitaka chumba cha makabati ya kuwekea vitambaa vyake, yale makabati ya kuunganisha kipande kwa kipande, kwa hiyo akamhamishia mama mkwe wake mgonjwa kwenye stoo ya uani.

“Nitarudi lini chumbani kwangu, mwanangu?” mama mkwe aliuliza.

“Mama, kile si chumba chako tena.”

Jioni umeme ulikatika. Akaingia kile chumba peke yake, na tochi ya simu, kuangalia makabati yatakavyokaa. Programu aliyoipakua hupima ukuta kwa kamera na kukuelekeza kwa sauti. Alipoielekeza kwenye ukuta mtupu, ikasema, “Kuna mtu mbele ya kamera. Mwombe asogee.” Akajaribu tena, ikasema vilevile.

“Haya, sogea basi,” alisema kwa kejeli.

Ndala zikaburuzwa sakafuni taratibu, zikampita ubavuni, zikaishia mlangoni. Simu ikasema, “Asante,” ikaanza kuchora makabati. Kisha akasikia ufunguo ukizungushwa.

Mumewe ndiye aliyevunja mlango, dakika chache baadaye. Ufunguo waliukuta kule stoo, ndani ya ngumi ya mama mkwe, na ilibidi wamkunjue vidole kimoja kimoja, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa.