Kahawa ya Renatha

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwa shangazi Stephania, Kaisho, na sanduku lake la ngozi kichwani. Nililiazima kwa safari. Mwalimu wangu wa Makerere alikuwa amenialika kwao Uingereza, likizo ndefu ya mwaka 1955, nikapande ndege Entebe.

Nikashika njia ya mkato, kwenye majani nje ya vibanja, mashamba yetu ya migomba tunamoishi na kuzika watu wetu. Huko hakulimwi. Huko huzikwa wale ambao ukoo umewakataa.

Harufu ya kahawa iliyochemshwa ikanijia... Nyumba hakuna. Moshi hakuna.

"Waitu, mwanangu. Unahama?"

Mwanamke alikuwa amekaa kando ya njia, amejifunga nguo ya gome la mti. Nikatua sanduku, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Sihami. Naenda kutembea Ulaya."

"Ulaya!" Akacheka. "Kumbe baba yako Rwegasira amezaa Mzungu. Haya, Kemilembe, tafuna kahawa. Usiniondokee mdomo mkavu."

Kwetu kahawa ya kukaribishwa haikataliwi. Akapasua tunda moja kwa meno. Punje mbili. Moja akaitia mdomoni mwake, ya pili akaniwekea kiganjani. Nilipoimeza ndipo nikaisikia ladha.

Damu.

Watu hugawana tunda moja hivyo, punje zikiwa zimepakwa damu, wanapochanjiana udugu. Nilijua vizuri. Nilikuwa nimechelewa.

"Sasa tu damu moja," akanong'ona. "Utalala kama nilivyolazwa mimi... nje ya kibanja cha baba yako. Mwambie Renatha amekusindikiza."

Nikainua macho. Hakuna mtu. Hata majani pale alipokaa hayakuwa yamelala.

Nyumbani, baba aliposikia jina hilo, bakuli lilimtoka mkononi.

"Renatha ni nani?" nikauliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Mke wake wa kwanza. Baba yako alimsingizia uchawi, akamfukuza na mimba. Alipokufa, ndugu zake walimleta azikwe hapa. Baba yako akawatolea panga."

"Nyamaza, mama Kemilembe!"

"Nimenyamaza miaka yote. Kamlete mwenzangu."

Alfajiri baba alichimba kaburi kibanjani, katikati ya migomba. Kisha yeye na mdogo wake, Apolinary, wakaenda kumfukua Renatha kule kwenye majani. Walirudi mikono mitupu. Walikuta nguo ya gome tu, imekunjwa vizuri. Mifupa hakuna.

Baba mdogo anasema ni fisi.

Fisi hakunji nguo.

Lori la Bukoba, la kunianzishia safari, linapita kesho. Nikipanda, nitakufa ugenini, nilazwe nje ya kibanja cha baba. Nimekula kiapo hicho kwa mdomo wangu. Nikibaki, shimo lipo, liko wazi. Kila baba akishika jembe alifukie, analiweka chini.

Jioni hii nilimkuta amesimama ukingoni. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu. Kisha akalitazama shimo.

"Usiende, mwanangu," akasema. "Hapa, angalau nitajua ulipo."