Talaka Tatu Juu ya Mkeka Uliolowa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na tisa, naishi Msambweni, na haya nayaandika nikicheka. Acheni nicheke... nimelia vya kutosha!

Mwaka tuliopata Uhuru, wenzangu walikuwa wakinunua kanga za sherehe. Mimi nilikuwa nikitokwa na damu, nikiificha. Huko Nairobi daktari aliniambia ni saratani ya mlango wa kizazi. Nikachomwa kwa mionzi, saratani ikafa. Lakini mionzi haikuchagua! Miezi kadhaa baadaye kibofu kikatoboka, mkojo ukawa unanitiririka wenyewe, mchana na usiku.

Nilimweleza mume wangu, Hamisi, kila neno la daktari. Alitikisa kichwa tu.

Siku ya maulidi kwa mama mkwe, niliinuka nikauacha mkeka umelowa. Wanawake wakajiziba pua kwa buibui. Mama mkwe akasema, "Mkeka huu hata ukifukizwa udi wote wa Unguja, haukaliki tena. Mpeni auchukue!" Wakaangua kicheko.

Hamisi alikisikia kicheko kile barazani. Mbele ya wanaume wenzake akanitupia talaka zote tatu kwa mpigo. Tatu! Moja haikumtosha?

Nikaubeba mkeka wangu hadi kwa mama, Kikoneni, nguo zikinilowa njia nzima. Huko nikaapa kwamba siku moja Hamisi naye atalia.

Nilishonwa kibofu hospitali. Mshono wa kwanza ukafumuka, wa pili ukashika. Nikakauka, nikanawiri, nikavaa asumini... Na nani akaja? Hamisi! Mke wake mpya alikuwa amemkimbia.

"Mwanasha, rudi nyumbani."

"Na zile tatu?"

Alikwisha kupanga. Kwa sheria yetu aliyeachwa tatu harudiwi mpaka aolewe na mwingine, akaachwa. Akanichagulia Bakari, mshona kofia mchechemeaji aliyefiwa na mkewe. "Yule mnyonge, nikimwambia tu atakuacha," alisema.

Nikakubali. Loo, nilikubali upesi!

Nilipoolewa nilimwambia Bakari yote, hata kwamba mshono ungeweza kufumuka siku yoyote. Akaiweka sindano chini. "Bibi, marehemu mke wangu nilimfulia shuka mpaka siku aliyokufa. Wewe nitakuacha kwa kosa gani?"

Hamisi akaja kunichukua, kanzu imepigwa pasi, halua mkononi. Nikamtandikia mkeka, akakaa kitako.

"Umeutambua?" nikamuuliza. "Ni ule ule wa maulidi." Akaruka kama aliyekalia kaa la moto!

Bakari akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, mke wangu simwachi."

Hamisi alilia, wasomaji. Mimi nikafungua halua yake nikaila. Hata sasa, akipita mlangoni pangu Ijumaa, nacheka kwa sauti mpaka anisikie.

Dada zangu, mkiona damu isiyo ya wakati wake, msifiche kama nilivyoficha mimi; nendeni mapema. Nanyi wanaume, mke akiwaeleza maradhi yake, sikilizeni kabla hamjafungua vinywa vyenu.

Mshono umeanza kuvuja tena... Bakari anafua shuka, anaanika uani. Hamisi hajui. Na akipita Ijumaa hii, wallahi, nitacheka kuliko siku zote!