Viti Viwili Koridoni

Kila alasiri, baada ya kutoka shuleni, Nuha alivua viatu, akanawa mikono, kisha akaketi mezani kumsomea mama yake maswali ya mtihani wa uraia. Walikaa katika jengo la ghorofa huko Silver Spring, kando ya jiji la Washington. Mwaka huo, 1998, mama yake, Bi Ummu, aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee, alikuwa amebakiza mtihani huo tu ili ale kiapo.

Mara nyingine mama alimgeuzia Nuha maswali. Nuha, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameyahifadhi yote.

"Rekebisho la Nne la Katiba linalinda nini?"

"Nyumba ya mtu isipekuliwe bila hati ya hakimu," Nuha alijibu kwa Kiingereza, biskuti ikiwa mdomoni.

"Meza kwanza. Tena unajibu kama kasuku."

Bibi Mwanamwema, mama yake Bi Ummu, hakuyajali maswali hayo. Alikuwa amekuja kutoka Unguja na sheria yake moja ya nyumba: mgeni hasimamishwi mlangoni. Awe fundi wa mabomba au mleta vifurushi, Bibi alimfungulia, akamkaribisha ndani kwa mkono, akamtilia kahawa ya tangawizi.

Novemba ilipoingia, hofu iliingia pamoja nayo. Duka la kona lilivunjwa, na mwenye duka, mzee Ferdinand, akapigwa hata akalazwa hospitalini. Ilisemekana kwamba wahalifu walikuwa vijana, na mmoja wao alivaa koti la kijani. Tangu siku hiyo gari la kijivu lilianza kuegeshwa mbele ya jengo, taa zimezimwa, watu wawili wamo ndani. Hawakushuka. Walitazama madirisha tu.

"Si kaka yako ana koti kama hilo?" Chepkirui, rafiki yake Nuha aliyekaa jengo la pili, alimuuliza ndani ya basi la shule. "Mwambie alipake rangi."

Wenzao walicheka. Nuha hakucheka. Kaka yake Fawaz, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa nalo koti la kijani. Lakini siku hizo alitoka na sweta tu, ingawa baridi ilikuwa kali. Jioni moja, Nuha alipoinama kutafuta soksi, aliliona koti hilo limesukumwa nyuma kabisa ya uvungu wa kitanda. Hakumwambia mtu. Tangu hapo hakuweza kumtazama kaka yake usoni wakati wa chakula.

Siku ya Alhamisi mama alikuwa bado kazini. Giza lilikuwa likianza kuingia mlango ulipogongwa, polepole, kama unaogongwa na mtu asiye na haraka. Fawaz aliweka kijiko chini, akaingia chumbani, akajifungia. Bibi alikuwa amekwisha kufungua. Nje walisimama askari kanzu wawili, na aliyekuwa mkubwa wao alionyesha beji.

"Karibuni, karibuni ndani," Bibi alisema, akinyoosha mkono kuelekea sebuleni.

Mkono ule haukuhitaji mkalimani. Askari mkubwa alitia mguu mmoja ndani ya kizingiti, kisha akamuuliza Nuha kama bibi yake amewaruhusu waingie na kutazama vyumba.

Nuha aliutazama mlango wa chumba alichojifungia Fawaz. Akisema ndiyo, koti litaonekana. Akisema bibi amekataa, atakuwa amesema uongo. Ndipo maneno aliyozoea kuyatafuna pamoja na biskuti yalipomrudia, mazito, kana kwamba hajapata kuyasikia.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili, "hawa si wageni. Wanataka kupekua nyumba. Bila hati ya hakimu hawaingii ila kwa ruhusa yetu. Ukisema karibu, umewaruhusu."

Mkono wa Bibi ulibaki hewani.

"Mimi sijapata kumsimamisha mtu mlangoni."

"Najua, Bibi."

"Waulize kama wanayo hati hiyo."

Hawakuwa nayo. Askari mkubwa alieleza kwamba hati inaweza kuletwa, lakini watu wasio na la kuficha huwa hawaiulizi. Mguu wake haukusogea.

Bibi aligeuka, akachukua viti viwili vya mezani, akaja navyo moja kwa moja mlangoni. Ili kumpisha, askari alilazimika kuuondoa mguu wake. Bibi aliviweka viti koridoni.

"Waambie wakae. Kahawa inakuja. Ndani hawaingii."

Askari mdogo aliketi, akapokea kikombe. Mkubwa alikataa kiti. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Nuha, akauliza kwa sauti ya chini kama kaka yake yumo ndani.

Neno "hayumo" lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Bibi hakujua Kiingereza, lakini aliujua uso wa mjukuu wake.

"Usiseme uongo," alimwambia. "Ikiwa huwezi kusema, nyamaza."

"Sitajibu swali hilo mpaka mama yangu awepo," Nuha alisema.

Askari aliinuka. Alisema amesikia kwamba mama huyo ameomba uraia, na kwamba ingekuwa vibaya habari kama hizi zikifika ofisi ya uraia. Kisha wakaondoka. Kikombe kimoja kilikuwa kitupu, kingine hakikuguswa. Chini, gari la kijivu lilibaki pale pale.

Mama aliporudi, Fawaz alitoka na koti mikononi. Alieleza kwamba alilificha kwa hofu, kwa kuwa kila kijana mwenye koti la kijani alikuwa akisimamishwa njiani. Asubuhi mama alitafuta wakili, nao wakaenda kituoni na koti lile mkononi. Fawaz alijibu maswali yote mbele ya wakili. Mzee Ferdinand, bandeji ingali kichwani, alipoonyeshwa picha ya Fawaz, alisema kijana huyo hununua mkate kwake kila Jumamosi, naye hakuwa miongoni mwa waliompiga. Fawaz akaachwa huru.

"Mama," Nuha aliuliza waliporejea nyumbani, "ikiwa Fawaz hana kosa, kwa nini tusingewaacha waingie?"

"Kwa sababu hata wewe ulimshuku. Nilikuona mezani." Nuha aliinamisha kichwa. "Wao wangalilikuta koti uvunguni, wangalimshuku kuliko wewe, nao wana pingu. Katiba haikuandikwa ili mkosaji ajifiche. Imeandikwa ili mwenye nguvu amweleze hakimu sababu zake kabla hajaugusa mlango wa mnyonge. Nawe ulikuwa na haki ya kunyamaza. Haki ya kusema uongo hukuwa nayo. Ungalidanganya, leo nani angalimwamini Fawaz aliposema kweli? Yashike yote mawili."

"Na yule aliyeiacha kahawa yangu?" Bibi aliuliza.

"Huyo hana rekebisho lake katika Katiba, mama," Bi Ummu alimjibu.

Nuha alifungua maswali. Kabla ya kusoma alichungulia dirishani. Gari la kijivu lilikuwa limehamia mbele ya jengo la pili, la kina Chepkirui, taa zimezimwa. Mama alikuja akasimama nyuma yake, akaliona.

"Maswali baadaye," alisema. "Nenda ukamweleze mwenzio, kabla mlango wao haujagongwa. Haki asiyoijua mtu haimlindi."

Nuha alivaa viatu.