Kigae Alichokipangusa Fundi

Duka la vifaa vya ofisi lilifurika wazazi waliokuja kununua madaftari ya watoto. Katikati ya msukumano ule, mikono miwili iliishika selotepu moja, ya mwisho kwenye rafu. Mmoja ulikuwa wa binti mwenye gauni la buluu na kola nyeupe, aliyezoea kuwapisha watu. Mwingine ulikuwa wa kijana mrefu, shati limekunjwa mikono, bisibisi ikichungulia mfukoni.

Siku hiyo binti hakupisha.

"Ichukue, dada," kijana akasema, ila hakuiachia. "Niambie tu unafungia nini."

"Sifungi kitu. Nabandulia mawe."

Kijana alicheka mpaka watu wakageuka. Yeye alikuwa fundi wa kamera, selotepu ilimsaidia kushikilia skrubu ndogo zisipotee. Binti, uso umemwiva kwa haya, akajikuta akimweleza kazi ya maabara yao ya chuo kikuu. Unabandika selotepu juu ya jiwe linalong'aa, unabandua, unarudia na kurudia, hadi linabaki tabaka jembamba ajabu, jembamba kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Kisha unalilaza tabaka hilo juu ya tabaka la jiwe la aina nyingine. Yakishikana sawasawa, umeme hupita kwa namna ambayo hakuna moja linaloiweza peke yake, na hapo ndipo watu wanatarajia kutengeneza vifaa visivyoonekana kwa macho.

"Na yasiposhikana?"

"Yanalala tu pamoja, kila moja na lwake."

Wakagawana selotepu, nusu kwa nusu, na namba za simu zikafuata.

Tangu hapo simu ikawa haitulii. Fundi alimwita Daktari, na binti kila mara akakana.

"Daktari, umekula?"

"Sijawa daktari."

"Basi mgonjwa, umekula?"

Dada yake binti, aliyekuwa akiishi naye, alimsikia akicheka jikoni na sufuria inaungua. Akasema mtu anayecheka na simu namna ile ama amepata kazi ama amepata mume, na kazi mdogo wake alikuwa nayo tayari.

Kubaki nayo ndiko kulikokuwa na mashaka. Profesa aliyesimamia maabara alikuwa amemwambia wazi kwamba muhula ukiisha hajaonyesha matabaka mawili yaliyoshikana, nafasi yake atapewa mwingine. Angerudi mji wa wazazi wake kufundisha, mbali, na fundi angebaki kuwa sauti ya simuni. Hilo hakumwambia mtu. Alilala nalo na kuamka nalo.

Kamera ya hadubini ilipoanza kuonyesha ukungu, ni yeye mwenyewe aliyempendekeza fundi. Asubuhi hiyo alimwacha akifungua skrubu, akaenda kusimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kigae chake cha silikoni, kidogo kama ukucha, alichobandikia matabaka yake, alikisahau kando ya lenzi.

Aliporudi, hadubini ilikuwa safi kama mpya. Fundi alikuwa anajifuta mikono, ameridhika. Tangu uanagenzi alifundishwa kutomrudishia mteja mashine yenye kioo kichafu.

"Na kile kioo kidogo kilikuwa na madoa," akasema. "Nimeyatoa yote."

Binti alikitazama kigae. Kiling'aa vizuri kabisa.

"Hayo madoa ndiyo kazi yangu," akasema polepole. Kisha, "Tafadhali nenda."

Fundi alikusanya vifaa vyake, akaenda. Hakupiga simu siku ile, wala zilizofuata. Binti naye alisubiri, hasira ikigeuka uchungu, akijiambia kwamba mtu huyu basi, hata pole hana. Dada yake alimwuliza kama amempigia. Akajibu kwamba aliyekosa ndiye apige. Dada akamwuliza nani aliyekiacha kigae mezani bila hata jina.

Kesho yake adhuhuri binti alikwenda dukani kwa fundi, kamejaa wateja kale kachumba, na akasimama mlangoni mpaka fundi alipoinua macho.

"Nilidhani umenifukuza," fundi akasema.

"Nilitaka kulia bila wewe kuniangalia."

"Na sasa?"

"Nimekwisha kulia. Kigae nilikiacha mimi. Nikishindwa muhula huu, naondoka mjini. Sikukwambia. Ile skrubu ya hadubini ya kushushia tabaka inarukaruka, na bila mkono wako sifiki."

Fundi aliwaambia wateja anafunga mapema.

Huko maabarani aliilainisha skrubu ile hadi ikashuka kama pumzi. Baada ya hapo akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono imebanwa kwapani, akaapa hatagusa kitu tena chumbani humo. Binti alibandua, akachagua, akashusha tabaka juu ya tabaka. Alikipasha kigae joto la taratibu ili hewa iliyonaswa katikati itoke. Halafu akawasha leza. Hapo awali kila tabaka lilikuwa linawaka kwenye skrini kwa nuru yake. Sasa pale yalipolaliana, nuru ilififia, ikafifia, ikawa giza.

"Jamani," fundi akasema kwa sauti ya msiba. "Haki ya Mungu sijagusa."

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Alipoviondoa, akasema kwamba giza lile ndilo alilokuwa akilitafuta. Tabaka likiwa peke yake humwaga nuru yake lenyewe. Likimshika jirani, umeme huvuka kwenda ng'ambo kabla haujawaka. Akamwonyesha kwenye skrini, katika mchoro wa nuru ile, kinundu kidogo kipya, upande wa wekundu, ambacho hakikuwa cha hili wala cha lile, bali cha yote mawili yaliyoshikana.

Fundi alikitazama kinundu kile kwa heshima.

"Kwa hiyo unabaki?"

"Nabaki." Kisha akaendelea kabla haya hazijamkamata. "Mama anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Nataka uje nyumbani aone mwenyewe."

"Nije kama nani?"

Binti alikuwa mtu wa kuacha sentensi zake wengine wazimalizie. Hii aliimaliza.

"Kama mchumba wangu. Uje na wazee wako."

Fundi akachomoa mikono kwapani na kuushika mkono wa binti, taratibu, kama anayeshusha kitu asichotaka kukivunja. Viatu vya Profesa vilisikika ukumbini, vikikaribia mlango. Binti aliusikia mlango ukifunguliwa, na mkono wake akauacha pale pale.