Maboya Mekundu ya Fundi

Fundi alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa furaha, alijiuliza unataka nini. Usipomsalimia, alijiuliza umemfanyia nini. Mteja akilisifu kochi, Fundi alilikagua upya. Alitafuta kasoro ambayo mteja ameiona akainyamazia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana. Vipande vya sponji vilijaa kila mahali: kitandani, ndani ya viatu, hata kwenye sufuria.

"Leo tunakula mboga na sponji," mkewe alilalamika.

"Angalau sponji naijua ilikotoka," Fundi alijibu.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minane. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wote walimwita Kidoti. Kidoti alitaka kitu kimoja tu: kuliona ziwa lililoko juu mlimani. Alilia, akabembeleza, akaosha vyombo bila kuambiwa. Mwishowe baba yake akakubali. Wangepanda basi Jumapili, waende na kurudi siku hiyo hiyo. Kidoti angepanda boti.

Kesho yake jirani akapiga hodi. Mama huyu alikuwa mwokoaji huko huko ziwani. Siku za kazi alilala huko, siku za mapumziko alirudi nyumbani. Filimbi yake ilining'inia shingoni hata akienda sokoni, basi mtaa ukamwita Filimbi.

"Shemeji, nasikia Jumapili mnakuja kwetu," alisema.

"Umesikia kwa nani?" Fundi aliuliza.

"Kwa Kidoti. Mtaa mzima umesikia kwa Kidoti."

Mke wa Fundi akacheka. Fundi hakucheka.

"Basi, mje mapema," Filimbi aliendelea. "Mchana upepo wa mlimani huinuka ghafla. Mbebe masweta na nguo kavu. Na kabla ya kupanda boti, kila mtu avae jaketi okozi. Yale majaketi ya kuelea. Yapo ya kukodi pale pale."

Fundi akaweka nyundo chini.

"Ya kukodi?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata nini?"

"Ndiyo. Watu wakikodi majaketi, wewe unapata nini?"

"Baba Kidoti!" mkewe alisema kwa aibu.

Filimbi alitabasamu kidogo, akaaga, akaondoka. Fundi alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni kwake.

"Umemuona? Hakujibu," alisema. "Jua linawaka hivi, masweta ya nini? Huyo ana duka la masweta mahali fulani."

"Wewe hata mvua ikinyesha utasema kuna mtu ameilipa," mkewe alijibu.

Lakini Fundi alikuwa na mpango wake. Angeshona maboya ya kuvaa yeye mwenyewe. Nani anaijua sponji kuliko yeye? Na kitu gani kinaelea kuliko sponji? Alikata sponji nene. Akaivalisha kitambaa chekundu cha plastiki, kile kinachozuia maji. Akashona mara mbili kila upande, akaweka mikanda. Yakawa maboya matatu: la baba, la mama na la mtoto. Yalipendeza, tusimnyime sifa zake. Kidoti alivaa lake akazunguka nyumba nzima, akakataa kulivua wakati wa kula.

Sasa basi, kuanzia siku hiyo Fundi akaona mambo. Mkewe na Filimbi walinong'ona kwenye kamba ya nguo. Akipita, wananyamaza. Akirudi, wanazungumzia bei ya sabuni. Ijumaa asubuhi akahesabu maboya yake. Yalikuwa mawili. La Kidoti halipo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea. Sasa alielewa kila kitu. Filimbi ameiba kazi yake. Atapeleka mfano ziwani, washone mengi, waseme ni yao. Na mkewe wa ndoa ndiye aliyemfungulia mlango!

Alasiri alichungulia kwenye uzio. Akaona mkewe na Filimbi wameinamia pipa la maji. Hakupiga hodi. Aliingia kwa jirani kama moto.

"Nimewakamata!"

"Afadhali umekuja," mkewe alisema. "Njoo uone."

"Boya langu liko wapi?"

Mkewe alionyesha ndani ya pipa. Boya jekundu lilikuwa chini kabisa. Lilikuwa limefungwa jiwe dogo.

"Tulilitia asubuhi na hili jiwe," Filimbi alieleza. "Mtu ndani ya maji si mzito, lakini boya lazima lipate kitu cha kubeba. Mwanzoni lilielea vizuri sana, shemeji. Nikasema labda nimekosea mimi."

Fundi aliingiza mkono mpaka begani, akalivuta. Lilikuja taratibu, likichuruzika maji. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

"Mmelitoboa!" alisema.

"Nilijua utasema hivyo," Filimbi alijibu. "Basi lete jingine wewe mwenyewe. Pipa lako, jiwe lako, macho yako. Sisi tutakaa mbali."

Jumamosi asubuhi Fundi alifanya hivyo hivyo. Alitia boya la pili kwenye pipa lake, akavuta kigoda, akakaa. Hakuruhusu mtu kusogea. Boya lilielea. Fundi akatabasamu. Alikunywa chai pale pale, huku akimtazama Filimbi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha akaona viputo vidogo. Vilitoka kwenye mshono, kimoja kimoja. Baadaye boya likainama upande. Hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyelisogelea. Kabla ya chakula cha mchana likazama, polepole, bila kelele hata kidogo.

Fundi alimtafuta binti yake kwa macho. Kidoti alikuwa anaruka kamba uani, na boya la mwisho limemning'inia mpaka magotini.

"Kidoti! Livue hilo! Livue sasa hivi!"

Filimbi alisogea akakaa karibu naye.

"Mshono wako ni mzuri," alisema. "Lakini kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Na sponji ya kochi hunywa maji. Iliyomo kwenye jaketi okozi ni ya aina nyingine, haiyanywi. Tena maji ya mlimani ni ya baridi kali. Mtu akitumbukia, pumzi inamkata, mikono inakosa nguvu. Hata mwogeleaji hodari. Jaketi ndilo linamshikilia mpaka tumfikie."

"Wewe umeyaona haya?"

"Mwaka jana nilimtoa mtoto aliyevaa la kushonwa nyumbani."

"Akapona?"

"Akapona. Nilikuwa karibu. Siwezi kuwa karibu kila siku, shemeji."

Fundi alilitazama boya lililozama. Aliona aibu, akaikubali.

"Jirani, nisamehe. Nilikushuku bure."

"Kushuku si vibaya," Filimbi alisema. "Ila ulishuku watu wote, ukasahau kulishuku ziwa."

"Basi nifundishe kuyakagua hayo majaketi."

Hapo sasa Fundi alipata kazi inayomfaa! Jumapili walifika ziwani mapema; Filimbi alikuwa ameshaingia zamu kwenye gati. Maji yalitulia, jua lilipendeza. Mwenye boti alimpa Kidoti jaketi. Fundi alilivuta mikanda yote, akalinusa, akalirudisha.

"Uzi wa hapa umeoza," alisema.

Akapewa la pili. Alimvalisha Kidoti, akafunga mikanda yote, akalivuta juu mabegani kama Filimbi alivyomwelekeza. Likapanda hadi masikioni.

"Hili ni la mtu mzima. Litamvuka kichwa."

"Mzee, watu wanangoja!" mwenye boti alilalamika.

"Wangoje."

La tatu lilimkaa sawasawa. Lilipovutwa, halikupanda. Baba na mama nao wakavaa yao, wakapanda. Kidoti aliona ndege, akaona samaki, akaimba mpaka sauti ikakauka. Mara upepo ukaanza, kama walivyoambiwa. Mwenye boti akageuza wakarudi.

Walipofika kwenye gati, Kidoti alisimama kabla ya kuambiwa. Boti ikayumba. Mtoto akatumbukia.

Filimbi ya jirani ililia. Fundi akataka kujirusha.

"Hujui kuogelea!" mkewe alipiga kelele, akamshika kiuno kwa mikono miwili. "Utamwangukia mtoto! Mwache Filimbi!"

Kidoti aliibuka. Kichwa kilikuwa juu ya maji. Alikuwa anatweta, hawezi hata kulia, lakini kichwa kilikuwa juu. Filimbi alimrushia kamba yenye boya kutoka kwenye gati. "Shika, mwanangu! Kumbatia!" Mtoto akakumbatia. Akavutwa, akatolewa.

Walimvua nguo zilizolowa. Wakamvalisha zile kavu, na sweta, na sweta jingine juu yake. Fundi alimpakata akamfunika kwa koti lake. Midomo ya Kidoti iliacha kutetemeka, rangi ikarudi. Akainua uso.

"Baba, unalia?"

"Hapana. Ni maji ya ziwa haya."

Kidoti alimtazama usoni. Akatazama nguo kavu za baba. Akatazama viatu vyake vikavu. Kisha akafinya jicho moja, vile vile kama baba yake anavyofanya mteja akisifu kochi.

"Mbona wewe hukuingia majini?"