Kumbikumbi wa Helsinki

Mtu mwenye akili timamu hanunui koti la manyoya Kitui mwezi wa Septemba. Jua siku hiyo lilikuwa limewatia watu adabu, hata wauza ndizi walikuwa wamechoka kuita wateja, na Kathini aliketi kwenye kibanda chake cha mitumba sokoni akijipepea na kipande cha katoni. Alivaa dera jepesi la manjano lililomkaa vizuri, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Ndipo akatokea kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, akalinyooshea kidole koti zito jeusi ambalo halikuwahi kuulizwa bei na yeyote.

"Boss, uko na malaria?" Kathini akamuuliza.

"Niko na safari."

"Ya wapi? Ndani ya friji?"

"Helsinki, kule Ufini. Naenda kusomea uuguzi." Akalivaa palepale, jasho likamtiririka mpaka kidevuni. "Nakaa aje?"

"Unakaa mwendawazimu," akasema Kathini, akacheka. "Lakini mwendawazimu mzuri."

Aliitwa Munyao, mwana wa Mama Kanyiva wa Matinyani. Kesho yake alirudi kuulizia skafu, keshokutwa glavu, na siku iliyofuata hakuwa na la kuulizia, akaja tu. Mapenzi hayakungoja. Kabla ya mwezi kwisha wazee walikuwa wameshaongea: Munyao aende masomoni, na Desemba ukoo wake upeleke mbuzi wa ntheo kwa kina Kathini, ijulikane kwamba binti ana mwenyewe.

Siku ya safari, kanisa zima lilikodi basi likamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Waliimba, wakaomba, na Mama Kanyiva akalia kwa furaha. Kathini alipunga mkono mpaka mlango wa vioo ukammeza mpenzi wake.

Kisha zikaanza simu za mtandaoni, kila jioni bila kukosa.

"Huku ikifika saa kumi jioni giza limeingia, mwendwa. Jana theluji ya kwanza imeanguka."

"Sisi tunaangalia tu mawingu yakipita yakienda kwa wenyewe. Niletee hiyo theluji nijaze tangi."

"Ukiinywa utakufa na baridi."

"Si heri nife nikiwa nimekunywa."

Kathini akaijua Helsinki kuliko mtaa wa pili. Aliwaeleza wateja wake jinsi jua la kule linavyochungulia na kuondoka, wakati la Kitui linakaa kama mgeni asiyeaga. Naye Mama Kanyiva alikuwa akifunga kila Jumatano, akimwomba Mungu baridi isimuue mwanawe.

Novemba mvua ikaja, ikanyesha Kitui, ikanyesha Makueni. Jioni moja Munyao akapiga simu ya vidio. Alikuwa ndani ya lile koti, skafu shingoni, pazia jeupe nyuma yake.

"Mbona unatoa jasho, babe?"

"Hawa watu wanawasha hita, si mchezo. Na huko nje sahii huwezi..."

Hakumaliza. Mdudu mwenye mabawa marefu alianguka kwenye kola yake, akayapukutisha mabawa, akaanza kutambaa kuelekea shingoni. Munyao akampangusa bila kufikiri, jinsi afanyavyo kila mtu wa Ukambani. Akaja wa pili. Wengine wakawa wanazunguka balbu.

Kathini aliisogeza simu karibu na macho.

"Munyao, hao ni kumbikumbi."

Munyao akaanza kuwafukuza kwa skafu.

"Kwani Helsinki mvua ikinyesha hutoka kumbikumbi?"

Simu ikakatika. Ilipolia tena hakukuwa na picha, sauti tu.

"Niko Mtito Andei, hapa tu barabara ya Mombasa, napikia madereva," akasema Munyao.

"Ati?"

"Ejenti wa safari alinipa tikiti feki. Niliambiwa nikiwa huko ndani, na nyinyi bado mnaimba nje. Nikajificha choo mpaka basi likaenda. Ningetoka niwaambie nini?"

"Ungetoka tu," akasema Kathini, na hapo akalia.

Asubuhi alishika njia ya Kibwezi kwenda Mtito, kofi likiwa tayari mkononi. Alimkuta Munyao kwenye hoteli ya madereva wa malori, aproni imechafuka kwa mchuzi, mashavu yamebonyea. Munyao alipomwona, mwiko ulimponyoka. Kofi nalo likasahaulika.

"Hata mimi, Munyao? Kila jioni unanidanganya, na jana ukiniangalia machoni?"

"Niliogopa ungemtaka yule wa Helsinki tu."

"Nilikutaka kabla ndege haijatajwa. Sasa sikia. Jumapili utasimama kanisani Matinyani useme mwenyewe. Ukishindwa, mbuzi wenu wakae kwenu."

Jumapili Munyao alisimama. Aliposema hajawahi kupanda ndege, mtu akacheka huko nyuma. Mama Kanyiva akainuka taratibu. Watu wakajua sasa mama anazirai au analaani.

"Kwa hivyo hiyo baridi haikukupiga?" akauliza.

"Haikunipiga, mwaitu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Asante, Yesu." Akaketi, akajifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Aliyecheka hakucheka tena.

Baada ya ibada Munyao alimfuata Kathini hadi getini. "Na sisi?"

Kathini bado alikuwa na uchungu, na bado alimpenda, na hivyo viwili vilimsumbua kifuani.

"Leta mbuzi," akasema mwishowe. "Lakini sitaki waletwe na wazee peke yao. Wazee watangulie. Mbuzi uwaswage wewe mwenyewe, kwa miguu, mchana, upite katikati ya mji."

Basi Desemba hiyo, jua la utosi, watu wa Kitui walitoka madukani midomo wazi. Mbuzi walikuwa wakikatiza barabara kuu wakielekea kwa kina Kathini, na nyuma yao kijana mrefu mwenye fimbo, shati limelowa jasho.

"Si huyu ako Ufini?" mmoja akauliza, na mwingine, na mwingine.

"Nilikuwa Mtito," Munyao akamjibu kila mmoja, akiendelea kuswaga mbuzi wake.