Sumu Haikuwa Kwenye Uji

Maneno yalianzia kisimani hapa Matongo: "Uji wa Abonyo una sumu." Nilisema ni umbea. Lakini Tabitha, mwanangu wa miaka saba, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Kalamu inamponyoka. Halali vizuri, analia bila sababu. Na kila asubuhi alikuwa anakunywa uji kwa Abonyo, jirani yetu. Yale maneno yakanikaa kichwani.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina kitu. Abonyo alikuwa anaonja. Hata hivyo nilimkataza mtoto kwenda.

"Wegesa, nimekukosea nini?" Abonyo aliniuliza.

"Hujanikosea."

"Mbona unapita hapa kama polisi?"

Niliongeza mwendo.

Wiki tatu Tabitha alikula kwangu tu, na kila chakula nilikionja mimi. Mikono ikazidi kutetemeka.

Siku moja Regina, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita kwetu. Mume wangu Marwa, mchimbaji wa dhahabu, alikuwa jikoni. Anachoma kidonge cha dhahabu na zebaki kwenye kikaango chetu cha mboga, zebaki itoke ibaki dhahabu. Mlango kaufunga, watu wasione dhahabu. Tabitha yuko pembeni anapepea moto. Regina akausukuma mlango, akawatoa wote nje.

Marwa akacheka. "Dada, nimechoma hivi miaka sita. Mbona sijafa?"

"Nyoosha mikono, shemeji."

Akanyoosha. Vidole vilicheza kama vya mwanangu. Hakucheka tena.

"Lakini sumu si mtu anakuwekea?" nikauliza.

"Hiyo ni moja tu, mama. Sumu ni kitu chochote kinachoharibu mwili. Haihitaji adui. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke. Huuoni, haunuki, na hakuna wa kukuonjea. Unaingia kwa pumzi, unaharibu mishipa ya fahamu. Mwingine unabaki ukutani na kwenye kikaango."

Nilikuwa nikionja mboga, na sumu iko hewani.

Tulimpeleka Tabitha hospitali, na Marwa akapimwa. Daktari akasema jambo la kwanza ni kukaa mbali na zebaki. Kikaango tulikitoboa, asije mtu akakiokota akapikia. Sasa Marwa na wenzake wanachomea mbali na nyumba, kwenye chombo cha chuma kilichofungwa. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki.

Baada ya miezi mitano Tabitha aliandika jina lake lote kwenye mstari. Nilichukua maziwa nikaenda naye kwa Abonyo. Nikaonja kwanza, nikampa.

"Leo unaonja wewe?" akasema.

"Nilikusema vibaya moyoni. Nisamehe."

Abonyo aliyanywa yale maziwa. Kisha akamjazia Tabitha kikombe cha uji. Mtoto alikipokea kwa mkono mmoja, akanywa. Halikumwagika hata tone.

Mama mwenzangu, haya yaepuke:

Usiruhusu zebaki ichomwe ndani ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi.

Usipikie kwenye chombo kilichochomewa zebaki, hata ukikisugua kwa majivu.

Mtoto na mama mjamzito wasikae karibu na uchomaji.

Usishike zebaki kwa mikono mitupu. Usiimwage mtoni wala shambani.

Nguo za kazini usizilaze na watoto.

Mtoto akitetemeka, usingoje. Mpeleke hospitali, useme ukweli kwamba nyumbani mnachoma zebaki.

Na usimtaje jirani kabla hujaangalia jiko lako.